Sista, mbona hamumlazi chali? Maswali ya watunza wagonjwa wa moyo

Wodi yetu iko Arua. Kama ilivyo katika hospitali nyingi za Uganda, kila kitanda kina watu wawili: mgonjwa juu, na ndugu anayemtunza chini kwenye mkeka. Huyo wa mkekani ndiye mwenye maswali. Haya ndiyo yanayorudi kila mara tunapopokea mtu ambaye moyo umemsumbua ghafla.

Baba kaletwa kwa bodaboda, kashika kifua, jasho linamtiririka. Mbona mlianza kumuuliza habari za saa?

Kwa sababu saa ndiyo inayoamua dawa. Mshtuko wa moyo ni donge la damu lililoziba mshipa unaolisha msuli wa moyo, na msuli usiopata damu unakufa kidogo kidogo. Dawa ya kuyeyusha donge, streptokinezi, hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na faida yake kubwa iko katika saa chache za mwanzo. Watu hujibu "tangu asubuhi". Asubuhi ipi? Kabla ya adhana au baada ya chai? Nang'ang'ania mpaka nipate saa yenyewe, naiandika.

Huku nikiuliza, mikono haijakaa. Napima presha, mapigo, pumzi, sukari, kiwango cha oksijeni kidoleni. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, inaingia mkononi mapema, kabla presha haijashuka na mishipa kujificha. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha ECG, kinatakiwa kifanywe na kusomwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Aspirini ya miligramu 300 anaitafuna, maana ikitafunwa inaingia damuni upesi kuliko ikimezwa nzima. Asipewe kama inamdhuru mwilini au anatapika damu. Maumivu nayo hayavumiliwi kiume: yanauendesha moyo mbio wakati hauna damu ya kutosha, kwa hiyo namwomba daktari aandike mofini, dawa kali ya maumivu.

Kuna dawa ya kuweka chini ya ulimi pia, nitrogliserini, inayolegeza mishipa. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, siitoi. Na nangoja mkewe aende kuchota maji ndipo nimuulize mzee kama jana alimeza kidonge cha nguvu za kiume. Wengine hucheka, wengine hununa. Lakini dawa hizo mbili zikikutana, presha inaporomoka kiasi cha kuua.

Jirani kawekewa oksijeni. Baba je, hana haki?

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 90, anawekewa mara moja. Kama yuko 96, oksijeni ya ziada haimsaidii, na mtungi kuna mtu anaungoja.

Mama hakushika kifua. Alisema ni vidonda vya tumbo tu.

Hapa kwetu karibu kila maumivu ya chembe cha moyo huitwa vidonda vya tumbo, na dawa ya maji ya tumbo iko duka la kona. Wanawake, wazee na wenye kisukari mara nyingi moyo wao haulii kifuani. Unaweza kulia tumboni, mgongoni, kwenye taya, au ukaonekana kama uchovu na kuishiwa pumzi bila maumivu yoyote. Mtu mzima mwenye kisukari akija na kichefuchefu na jasho baridi, mimi nampima moyo kwanza. Tumbo litasubiri.

Mbona hamumlazi chali apumzike?

Huyo moyo wake umeshindwa kusukuma damu, na maji yamejaa mapafuni. Ukimlaza chali unamzamisha. Anakaa wima, mito mgongoni, miguu ikining'inia kitandani kama presha inaruhusu. Kisha anachomwa furosemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, mshipani, na kwa kawaida ndani ya nusu saa mkojo unaanza kuja.

Hapo ndipo ninapogombana na watunzaji. Nimekuachia jagi lenye alama, nimekwambia kila mkojo upimwe. Narudi, jagi linang'aa, umelisuuza vizuri. "Nilimwaga, sista, ulikuwa unanuka." Una moyo mzuri, nakushukuru, lakini sasa sijui dawa imetoa mililita 200 au 1,500, na daktari ataamua dozi ya jioni kwa kubahatisha. Kwangu jagi lile lina thamani kuliko mashine nyingi. Asubuhi tunampima uzito kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile. Akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, si matoke hayo, ni maji yanarudi.

Ukiniona nimeshika kifundo cha mkono wake dakika nzima kabla ya kumpa digoksini, dawa ya moyo inayopunguza kasi ya mapigo, sichezi. Mapigo yakiwa chini ya 60 naizuia, namwita daktari.

Choo kiko nje tu. Kwa nini asitembee?

Katika hospitali niliyoanzia kazi, mzee mmoja aliona haya kutumia beseni. Usiku alijikokota mpaka chooni. Tulimkuta ameegemea mlango, midomo ya bluu. Kutembea ni mzigo, na kujikamua chooni ni mzigo mwingine. Siku ya kwanza anajisaidia kitandani au pembeni yake, pazia likiwa limefungwa, na tunampa dawa ya kulainisha choo bila kungoja alalamike.

Chakula nilete?

Leta, kidogo kidogo, chumvi iwe ya kuonja tu. Na mboga usiitie magadi. Magadi yana sodiamu ileile inayoshika maji mwilini, ingawa hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi.

Mwanangu ana miaka 14. Ugonjwa wa moyo si wa wazee?

Kwetu Uganda, wa watoto na vijana tunao wengi. Koo lililouma na kupuuzwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikala vali za moyo, yaani vile vilango vinavyopitisha damu. Akishatulia ataendelea na sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka. Inauma, najua. Tarehe ya inayofuata uondoke nayo mkononi.

Na moyo ukisimama?

Piga kelele, kisha sogea. Tutabonyeza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, tukipokezana kila dakika mbili. Kitanda kina godoro laini, kwa hiyo usishangae tukiweka ubao mgongoni.

Tumpeleke Kampala leo?

Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago tangu 1988, na huko wanaweza kuzibua mshipa kwa mrija. Lakini ni karibu kilomita 500, kupitia Pakwach na Karuma. Mgonjwa asiyetulia hasafirishwi hivi hivi. Barua yake iandikwe saa maumivu yalipoanza, dawa zilizotolewa na saa zake, na karatasi ya ECG iambatanishwe. Kisha muulize dereva wa ambulansi kuhusu mtungi. Wenye lita 680 za oksijeni, ukitoa lita 4 kwa dakika, unaisha kabla ya kutimia saa tatu za safari. Kampala bado hamjafika.