Asilimia ya saratani ndani ya uvimbe maana yake nini?

Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hukosi kuona ukuta uliobambuka lipu ukaanika ya ndani: mawe ya matumbawe, na baina yake chokaa. Kuna kuta ambazo mawe yamebanana na chokaa ni ya kuzibia tu, na kuna nyingine chokaa imejaa tele, jiwe ni hapa na pale. Zote twaziita nyumba za mawe.

Uvimbe wa saratani ya tumbo nao ni hivyo hivyo. Wengi hudhani ni saratani tupu, mithili ya donge la unga. Sivyo. Mna seli za saratani zenyewe, na mna stroma: nyuzi ngumu, mishipa midogo ya damu, seli za kinga, na seli za kawaida zinazotengeneza hizo nyuzi, zile zile zinazofunga kovu ukijikata na kisu jikoni. Saratani ni jiwe, stroma ni chokaa. Kiasi cha hiki kwa kile ndicho kinachoitwa uwiano wa uvimbe na stroma.

Kuupima hakutaki mashine ya ajabu. Kipande kilichotolewa kwenye upasuaji hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa utando wa mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha kikatiwa rangi mbili. Hematoksilini, ambayo asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, hufanya viini vya seli viwe zambarau. Eosini hutia nyuzi waridi. Chini ya hadubini saratani inakaa vishada vya zambarau, na stroma inapita katikati kama mawimbi ya waridi. Pazuri kutazama, Mungu atusamehe. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walieleza mwaka 2007 namna ya kukadiria kwa jicho kwenye saratani ya utumbo mpana, mpaka wa kuita stroma ni nyingi ukiwa asilimia 50. Wengine huweka picha kwenye kompyuta, wakatawanya nukta 300 hivi, wakahesabu ngapi zimeangukia saratani.

Hapa sasa ndipo watu huteleza. Mwambie mtu kwamba uvimbe wa babake una saratani asilimia 25 tu, atasema alhamdulillahi. Kumbe tafiti za wagonjwa waliopasuliwa zimeona kinyume: wenye saratani kidogo na stroma nyingi, kwa wastani, huishi muda mfupi zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu hiyo chokaa haikujileta. Saratani imewatia kazini mafundi wa mwili, zile seli za kutengeneza nyuzi. Nao huipa kemikali za kuikuza, huifungulia njia ya kupenya misuli ya tumbo, na nyuzi zao hubana mishipa hata dawa na seli za kinga zikafika kwa taabu. Mfano wake mkali ni ile saratani inayofanya tumbo zima likakamae kama kiriba cha ngozi: seli zimetawanyika moja moja ndani ya nyuzi. Mgonjwa hupigwa kamera ya kupitishwa kooni hadi tumboni, kinyama kikatolewa juu juu, majibu yakarudi safi, ilhali ugonjwa uko chini ya utando wa ndani wa tumbo. Ndiyo sababu asilimia hii huaminika zaidi ikitoka kwenye kipande cha upasuaji kuliko kile cha kamera.

Ripoti ya kawaida huenda isiitaje kabisa. Itataja aina ya saratani, imezama kina gani, tezi ngapi za limfu zimeingiwa na saratani. Hayo ndiyo yanayopanga hatua ya ugonjwa na matibabu, na mimi naona ni sawa, maana jicho la daktari huyu na la yule yaweza kupishana kwenye asilimia. Tena ni wastani wa watu wengi. Mzee mmoja aliyelala wodini si wastani.

Kuna mtego mwingine. Mgonjwa akipewa kemo, yaani dawa za kuua saratani, kabla ya upasuaji na dawa ikashika, seli za saratani hufa na mahali pake hubaki kovu. Huyo naye atasomeka saratani kidogo, nyuzi nyingi, lakini kwake ni habari njema. Kwenye kioo cha hadubini wawili hawa waweza kufanana. Anayewatenganisha ni aliyejaza ile fomu iliyokuja na kipande, akakumbuka kuandika kwamba kemo ilishatolewa.