Kimkono cha dirisha kinazunguka bure: watu husema nini na ukweli ni upi

Madirisha mengi hapa Nairobi ni yale ya chuma, unasukuma nje halafu unayashikisha na kile chuma chenye matundu. Kwetu lakini yako matatu ya kuzungusha kimkono, mwenye nyumba aliyaleta kwa kontena kutoka Marekani. Mwanzoni niliona ni madoido tu, kumbe ina maana: dirisha linafungukia nje, neti iko ndani, grili iko ndani, sasa mkono wako utaupitishia wapi? Mwezi wa nne, mvua ikinyesha vile hunyesha, moja likakataa kufunga na kila mtu akawa ghafla ni fundi.

Keateka wa nyumba alisema mashine, yaani ile gia na mkono wake unaosukuma dirisha, imekufa, ninunue nzima. Si lazima. Kimkono kinashikwa na kaskru kadogo ubavuni, legeza ukichomoe uangalie ndani yake, kama yale meno madogo yameliwa mpaka pamekuwa laini basi shida ni kimkono peke yake. Halafu shika kile kijiti kilichobaki na plaizi uzungushe polepole. Dirisha likisogea mpaka kwenye fremu, mashine iko sawa. Kijiti kikizunguka na dirisha limetulia tu, hapo ndiyo gia imeisha. Na hata ukienda kununua kimkono usikadirie na macho, vijiti viko vya milimita 7.9, vya 8.7 na vya 9.5, kutoka saizi moja hadi inayofuata tofauti haifiki hata milimita moja lakini kimkono kikubwa kinateleza na kidogo hakiingii.

Yetu ilikuwa gia, na sasa hii ndiyo ilinimaliza: "mashine zote ni saizi moja." Nilizunguka Kirinyaga Road na picha kwa simu, jamaa mmoja akaniapia yake itaingia, nikalipa, nikarudi nyumbani, matundu ya skru yakakataa. Zinafanana usoni tu. Kuna yenye mkono mmoja unaoteleza kwenye reli chini ya dirisha, kuna ya mikono miwili, mara nyingi kwa dirisha pana au zito, na kuna ile ambayo mkono wake una kiungo katikati kama kiwiko na mwisho wake umefungwa kwenye dirisha lenyewe, hautelezi popote. Ukishajua yako ni gani, toa tepmeja: urefu wa mkono kutoka katikati ya pini yake mpaka mwisho, urefu wa mwili wa mashine, na umbali kati ya matundu ya skru, katikati ya tundu hadi katikati ya lingine, si ukingo kwa ukingo. Andika milimita na inchi pia, maana hizi za Marekani zilichongwa kwa inchi na inchi moja ni milimita 25.4, ukikadiria "kama inchi nne hivi" umeshapotea.

Wengine watakwambia soma tu namba iliyo kwenye chuma. Isome, lakini mara nyingi hiyo ni namba ya kalibu iliyomwagiwa hicho chuma, si namba ya kuagizia. Na jina lililo kwenye kioo ni la aliyetengeneza dirisha, si lazima ndiye aliyetengeneza mashine. Kampuni ya Truth kwa mfano, ya Owatonna kule Minnesota, Marekani, imekuwa ikitengenezea kampuni nyingi za madirisha hizi mashine.

Kushoto na kulia nako kuna balaa. Watu wanadhani iko wazi, kumbe katalogi moja inahesabu ukiwa umesimama ndani na nyingine ukiwa nje, kwa hivyo "ya kulia" yako ni "ya kushoto" ya muuzaji. Mimi siandiki tena kushoto wala kulia, natuma picha nimesimama ndani na naandika hinji ziko upande gani.

Ah, na mama watoto alikuwa anazungusha kwa nguvu zote ati dirisha lifunge kabisa mwizi asiingie. Kimkono hakifungi dirisha, kazi yake ni kulivuta mpaka lifike kwenye fremu, kuna kile kishikio cha pembeni ndicho kinalibana. Na likiwa gumu angalia hinji na reli kwanza, zetu fundi wa rangi alikuwa amezipaka rangi juu ya vumbi, gia ikawa inabeba mzigo usio wake.

Ile mashine mbovu nilikuwa karibu kuiuzia mtu wa vyuma kuukuu, nashukuru sikufanya hivyo, ndiyo niliyopimia hadi nikapata inayofanana. Niliigeuza nikaona gia chini: meno yote mazima isipokuwa machache ya upande mmoja, yale yanayoshikana dirisha likikaribia kufunga.