Mazingira yaliyoandaliwa hayana maana ya chumba kizuri

Siku hizi rafu yoyote ya mbao isiyopakwa rangi huitwa rafu ya Montessori, kwa jina la Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyeanzisha njia ya elimu inayomwacha mtoto afanye mambo mwenyewe. Kitanda chenye kiunzi cha paa juu yake ni cha Montessori, kikapu cha midoli ya mbao ni cha Montessori, na chumba kikishapakwa rangi ya maziwa na kuwekwa mmea kwenye kona, mwenye chumba hutangaza kwamba ameandaa "mazingira ya Montessori". Mtoto aliyemo humo akishikwa na kiu, bado anamwita mama.

Maana yenyewe ni fupi. Mazingira yaliyoandaliwa, kama dhana hiyo inavyoitwa katika elimu ya Montessori, ni mahali ambapo shughuli yoyote iliyo ndani ya uwezo wa mtoto wa umri fulani anaweza kuianza, kuifanya na kuimaliza bila kuazima mkono wa mtu mzima. Mbao hazimo katika maana hiyo, wala rangi. Aliyekuwa anatafuta ufafanuzi tu anaweza kuishia hapa. Kinachohitaji nafasi ni maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kuyaeleza vizuri kabla hatujaanza kuyatumia ovyo.

Mazingira ni neno la kuzingira, kitenzi kilekile tunachotumia jeshi linapouzunguka mji usiwe na pa kutokea. Kiitaliano, lugha ya Maria Montessori, kina ambiente, ambalo shina lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzunguka. Lugha mbili zisizo na undugu, picha moja: kila kinachomzunguka mtu, pande zote. Samani ni kipande tu cha hayo. Muda ni mazingira, kelele ni mazingira, na mtu mzima anayesimama mlangoni akisema "angalia usimwage" ni mazingira pia, tena kipande kizito kuliko kabati. Montessori alimhesabu mwalimu miongoni mwa vitu vinavyopaswa kuandaliwa, na alikuwa na sababu. Chumba chenye kila kitu cha kimo cha mtoto huharibiwa na haraka ya mtu mmoja.

Sasa kuandaa. Anayepamba anamfikiria atakayetazama; anayeandaa anamfikiria atakayetumia. Ndiyo maana tangu zamani kitenzi hiki kimekaa jirani na chakula: mwandazi ni mpishi, na andazi limezaliwa humohumo. Hakuna aandaaye chakula bila kujua wanakuja wangapi. Lakini utamu wenyewe uko kwenye sarufi. Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili, kama kataa, zaa na twaa, huchukua l katika kutendwa: kataliwa, zaliwa, twaliwa. Kuandaa vilevile huwa kuandaliwa. Kisha kuna kuandalia, yaani kuandaa kwa ajili ya mtu, nacho kikitendwa huwa kuandaliwa vilevile. Chakula kimeandaliwa, mgeni ameandaliwa chakula. Umbo moja linabeba kitu na linabeba mtu.

Katika "mazingira yaliyoandaliwa" wengi husikia upande wa kitu: chumba kimetengenezwa, basi. Upande wa mtu ndio dhana. Kuna mtoto aliyeandaliwa, mwenye kimo chake, urefu wa mkono wake, nguvu za vidole vyake na jambo analolihangaikia mwezi huu. Ndiyo maana picha ya chumba kitupu haiwezi kukuonyesha kama kimeandaliwa au la, hata iwe nzuri vipi. Hujui ni cha nani.

Neno la tatu linatoka kwenye msemo unaonukuliwa sana katika elimu hii, wa mtoto kumwambia mtu mzima: nisaidie nifanye mwenyewe. Mwenyewe kwetu ni yule asiyesaidiwa, na ni yule mwenye mali pia, kama tunaposema shamba hili lina mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka 3 maana hizo mbili hufika pamoja. Anayejimiminia maji mwenyewe ndiye mwenyewe wa yale maji, wa lile jagi na wa sakafu iliyolowa. Wengi hukosea hapa: huandaa mwanzo wa shughuli, wakausahau mwisho wake.

Rafu fupi ina historia inayofaa kukumbukwa. Nyumba ya kwanza ya watoto ya Montessori, Casa dei Bambini, ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini, mwalimu akivigawa na kuvikusanya. Montessori ameeleza kwamba siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati kisha akachelewa kufika, akakuta watoto wamekwisha kulifungua na wengine wameshachukua walichokitaka na kuanza kazi. Mwalimu aliona wizi. Montessori aliona watoto wanaojua wanachokitaka, akaagiza makabati mafupi yaliyo wazi. Kwa hiyo rafu fupi ni ufunguo ulioondolewa mkononi mwa mwalimu. Rafu ya sentimita 70 ambayo mtoto hana budi kuomba ruhusa kabla ya kuigusa ni lile kabati la kufuli, limefupishwa tu.

Vipimo, basi, huanzia kwenye mwili wa mtoto. Kiti kinafaa pale nyayo zote mbili zinapolala sakafuni na paja likiwa bapa. Pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti, akiwa na viatu anavyovaa chumbani. Viwango vya Ulaya vya samani za shule vinampa mtoto wa kimo cha sm 93 hadi 116 kiti cha sm 26 na meza ya sm 46, na wa sm 108 hadi 121 kiti cha sm 31 na meza ya sm 53. Ukiona miguu inaning'inia, usishangae mtoto hatulii: nusu ya nguvu zake zinakwenda kwenye kujizuia asiteleze. Kiti kiwe chepesi cha kubebwa na mtoto mmoja. Katika kitabu chake cha 1909 Montessori aliwajibu walioona kwamba viti vyepesi vitaanguka na kupiga kelele. Kuanguka huko, alisema, ndiko kunakomwonyesha mtoto kwamba mwendo wake haujakaa sawa, bila mtu kumkaripia. Kiti kizito kisichoanguka humficha kosa lake.

Chukua sasa jambo moja dogo, kunywa maji, ulifuate hadi mwisho. Chombo chenye bomba kiwekwe juu ya stuli au rafu, bomba likiwa usawa wa kifua cha mtoto. Asubuhi kitiwe lita 2 tu, ili mafuriko makubwa kabisa yanayowezekana yawe ya lita 2. Kosa la kawaida hapa ni la kuchekesha: bomba limekaa chini mno, glasi au jagi halipiti chini yake, mtoto anaanza kukiinamisha chombo kizima. Pima nafasi iliyo chini ya bomba kabla ya kununua chombo. Glasi iwe ya kioo kinene, ya ml 150 au 200, yenye kitako kizito. Bilauri tupu ya plastiki hupeperushwa na kiwiko, na haimfundishi mtoto uzito wa kitu kinachovunjika. Ikivunjika, vipande huokotwa na mtu mzima, mtoto akisimama mbali. Kama anatumia jagi, litiwe maji yasiyozidi yanayoenea kwenye glasi moja, kwani mtoto huyu bado humimina mpaka jagi liishe, na glasi ikijaa kabla hana mahali pa kusimamia.

Kisha mwisho ambao husahauliwa. Kitambaa kikavu kitundikwe palepale, mahali anapofikia bila kunyanyuka kwa vidole vya miguu. Sponji ikatwe ienee kiganjani mwake, kwa sababu sponji ya mtu mzima haiwezi kukamuliwa na mkono wa miaka 3, na sponji isiyokamuliwa huongeza maji sakafuni badala ya kuyapunguza. Pawe na kindoo cha kukamulia, pa kuweka kitambaa kilicholowa, na akiba ya vitambaa vikavu visivyopungua vitano au sita. Kikikosekana kimojawapo, mnyororo unakatika, na pale unapokatika utasikia jina lako likiitwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko orodha yoyote ya manunuzi: kaa kimya saa moja, andika kila mara mtoto anapokuja kuomba kitu na ni kitu gani. Orodha utakayopata ndiyo kazi ya kuandaa iliyobaki.

Mara nyingi kilichobaki hakimo kwenye rafu. Kulabu ya koti imewekwa vizuri, usawa wa bega la mtoto, lakini koti halina kitanzi cha kutundikia. Sinki lina stuli, lakini stuli ina kina cha sm 20 na mtoto anaogopa kugeuka. Itengeneze ya sm 30 au zaidi, yenye miguu isiyoteleza. Choo kinafikika, lakini suruali ina mkanda na vifungo viwili. Kila moja ya hizo inaonekana ndogo mpaka uhesabu ni mara ngapi kwa siku.

Kuhusu wingi, ushauri ni kupunguza. Rafu yenye kina cha sm 30 ibebe kifaa kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine pawe na nafasi ya mikono miwili kuingia. Kila shughuli iwe kamili katika trei yake, yenye kingo, isiyo pana kuliko mabega ya mtoto. Vitu vikisongamana, mtoto hawezi kutoa kimoja bila kuangusha cha pili, na hawezi kurudisha kwa sababu pengo limezibwa. Kisha tunasema mtoto huyu hapangi vitu. Nyenzo zenyewe zimejengwa kwa ubahili uleule. Mnara wa waridi, kifaa cha kupanga vipande kimoja juu ya kingine, una michemraba 10, kuanzia wenye upande wa sm 1 hadi wa sm 10, yote ya rangi moja ya waridi, ili tofauti ibaki ya ukubwa tu. Anayeupaka kila mchemraba rangi yake "uvutie zaidi" amewapa watoto njia ya kupanga kwa rangi bila kuona ukubwa. Na darasani mnara huwa mmoja. Anayeutaka hungoja, na kungoja huko ni sehemu ya maandalizi, ingawa mzazi anayelipa ada anaweza kudhani shule inabana matumizi.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kujitegemea ni kuachwa. Mtoto haachiwi kifaa ajionee. Huonyeshwa kwanza, polepole, mara moja, mikono ikisema na mdomo ukinyamaza, maana hawezi kufuata vidole na maelezo kwa pamoja. Kisha mtu mzima hurudi nyuma hatua kadhaa na kubaki anatazama. Anaingilia kifaa kikianza kutupwa au mwenzake akianza kuumizwa. Haingilii kwa sababu kifundo kimechukua dakika nne. Na dakika hizo nne lazima zitoke mahali: shuleni zinatoka katika kipindi cha kazi cha kama saa 3 kisichokatwakatwa na kengele, nyumbani zinatoka katika kuanza kuvaa dakika 20 mapema. Aliyeandaa rafu bila kuandaa saa atamfunga mtoto viatu mwenyewe kila asubuhi, mbele ya rafu yake nzuri.

Kitanda nacho. Wazo lake ni godoro lililo chini, mtoto apande na kushuka akitaka. Paa la mbao juu yake halina kazi yoyote, na kitanda cha chini kilichozungushiwa uzio pande nne ni kitanda cha kawaida cha kumzuia mtoto, kimeshushwa tu. Ukishusha godoro, chumba kizima kimekuwa kitanda: kabati na rafu zifungwe ukutani kwa skrubu, nyaya na soketi zizibwe, kamba za mapazia zipandishwe asizifikie, na godoro likae na pengo la kutosha kutoka ukutani au ligusane nao kabisa, lisiache upenyo wa kumnasa mtoto mchanga.

Basi rafu fupi tuiite rafu fupi, na godoro la chini godoro la chini. Hayo ni majina mazuri na hayadai kitu. Jina la Montessori katika nchi nyingi halina mlinzi wa kisheria, kwa hiyo hakuna wa kumzuia muuzaji kulibandika atakapo. Na mtu akikuambia kwa furaha kwamba amemaliza kuandaa chumba cha Montessori, msifu kwa rangi kama ni nzuri, kisha muulize taratibu amemwandalia nani, na huyo ana kimo gani.