Je, wajua? "Masikio" ya bundi pichani si masikio

Ukiwekewa picha ya bundi ukaulizwa ni bundi gani, jicho lako linakwenda wapi kwanza? Langu lilikuwa likikimbilia utosini, kutafuta yale mawili yaliyochongoka. Yapo? Basi ni wa kundi la bundi wenye masikio. Hayapo? Nalifuta kundi zima, naendelea na mengine. Nilikwenda hivyo kwa miaka, mpaka nilipoonyeshwa picha mbili nikasema bila kusita kwamba hizi ni spishi mbili. Kumbe ni ndege mmoja, kwenye tawi lilelile, picha zimepishana kwa dakika chache tu. Katika ya kwanza kichwa kilikuwa mviringo kama boga. Katika ya pili kilikuwa na pembe.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Lugha kadhaa za Ulaya zina bundi wa "masikio marefu" na bundi wa "masikio mafupi", na jina likishakaa kichwani haling'oki kirahisi. Lakini yale ni manyoya matupu. Ndani yake hamna tundu wala gegedu, na hayahusiki na kusikia. Masikio halisi ya bundi yako ubavuni mwa uso, nyuma ya ukingo wa ile sahani ya manyoya inayozunguka macho, na huwezi kuyaona mpaka mtu ayafunue manyoya kwa kidole. Kwa Tyto alba, yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, tundu moja liko juu kidogo kuliko jingine, na hilo humsaidia kujua sauti inatoka juu au chini. Anaweza kumkamata panya gizani kabisa kwa kusikia tu. Kishungi, yaani lile fungu la manyoya lililochongoka utosini, hana hata kimoja.

Sasa, kwa nini vishungi vinatokea na kutoweka? Umewahi kumwona jogoo akijiandaa kupigana? Manyoya ya shingo yalikuwa yamelala. Ghafla yamesimama, shingo imekuwa nene mara mbili. Hakuna unyoya ulioongezeka. Chini ya ngozi kuna misuli midogo iliyoshika mashina ya manyoya, nayo ikivutwa manyoya yanainuka. Paka akikutana na mbwa hufanya hivyohivyo kwa manyoya ya mgongoni, na wewe baridi ikikupiga vinyweleo vya mkono vinasimama kwa njia inayofanana na hiyo. Kwa bundi, manyoya machache ya utosini ni marefu kuliko wenzake. Yakilala, yanachanganyika na mengine kama mwavuli uliokunjwa: upo, ila umbo lake halionekani. Yakiinuliwa, una "masikio".

Kwa hiyo kishungi kinakueleza hali ya ndege kuliko kinavyokueleza jina lake. Otus senegalensis, bundi mdogo wa Afrika, akishtuliwa mchana hujinyoosha akawa mwembamba, hufumba macho yakabaki mistari miwili, husimamisha vishungi, na mbele yako pana kisiki cha tawi lililovunjika. Bundi akiruka, kwa kawaida vishungi hulazwa. Asio flammeus, yule wa "masikio mafupi", anavyo vifupi mno, na picha zake nyingi hazivionyeshi kabisa. Vishungi vikionekana, ni ushahidi. Visipoonekana, usifute jina la bundi yeyote. Kuhusu kazi ya vishungi hasa wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaosema ni vya kujificha, wapo wanaosema ni ishara baina ya bundi na bundi.

Ukubwa nao hausaidii sana. Bubo lacteus, bundi mkubwa wa kijivu, ana urefu wa takribani sentimita 65 na Glaucidium perlatum, bundi mdogo sana, takribani 20, lakini pichani, pasipo jani au kitu kingine cha kupimia, wote wawili wanajaza fremu.

Siku hizi naanza na macho. Bubo africanus ana macho ya manjano. Bubo cinerascens, ambaye zamani walihesabiwa kuwa spishi moja, ana ya kahawia iliyokolea. Vichwa, vishungi na mabaka yao vinakaribiana sana, kwa hiyo rangi ya jicho ndiyo inayowatenganisha haraka. Ila tahadhari: kwenye mwanga hafifu mboni hutanuka, ile pete ya rangi inabaki uzi mwembamba, na jicho la manjano linaonekana jeusi. Flashi nayo huweza kulirudisha jekundu. Kuza picha utafute ukingo wa pete kabla hujaamua, na uliza picha ilipigwa wapi, maana mahali peke yake panaweza kuondoa majina mengi.

Kisha kuna alama ambazo ukiziona umemaliza. Bubo lacteus akisinzia, kope zake za juu ni za waridi, rangi ambayo hukuitarajia kabisa kwenye ndege wa kijivu mwenye kucha zile. Na Glaucidium perlatum ana madoa mawili meusi yenye ukingo mweupe kisogoni, yanayofanana na macho. Jamaa zake kadhaa pia wanayo. Ukikutana na bundi anayekukazia macho na huoni mdomo kati yake, amekupa mgongo.