Matunzo Baada ya Talaka: Dhana Zilizoenea na Inavyosema Sheria ya Ndoa

Katika Tanzania Bara, dhana inayowaumiza watu wengi zaidi wakati wa talaka ni kuamini kwamba mgawanyo wa mali, matunzo ya mtalaka na matunzo ya watoto ni dai moja, hivyo anayepata kimoja amefunga mlango wa vingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeyatenganisha mambo haya. Kifungu cha 114 kinahusu mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kifungu cha 115 kinahusu matunzo ya mwenzi, na wajibu wa kuwatunza watoto umewekwa peke yake katika kifungu cha 129. Mama aliyepewa sehemu ya nyumba hajapoteza kwa hilo haki ya kuomba matunzo, na baba aliyekwisha kugawana mali na mtalaka wake bado anawajibika kwa chakula, mavazi na elimu ya wanawe.

Kuna pia wanaosema kwamba mke aliyekaa nyumbani bila kipato hakuchangia chochote. Hoja hii ilijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilipoamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi huo, hata hivyo, haukusema kwamba kila mali hugawanywa nusu kwa nusu: mahakama hupima mchango wa kila mmoja, na anayedai anatakiwa kuleta ushahidi.

Je, mume naye anaweza kutunzwa? Wengi hucheka wakisikia swali hili, lakini sheria inairuhusu mahakama kumwamuru mwanamke kumtunza mume au mtalaka wake ambaye ugonjwa au jeraha la mwili au la akili limemzuia, kabisa au kwa sehemu, kujitafutia riziki. Kenya imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 2014 humtaja mwenzi tu, bila kutofautisha mume na mke.

Wengine huyaona matunzo kuwa adhabu kwa mwenye makosa, au mshahara wa maisha kwa aliyeachwa. Kiasi cha matunzo hupangwa kwanza kwa kuangalia uwezo wa mtoaji na mahitaji ya mpokeaji; kiwango cha lawama ya kila mmoja katika kuvunjika kwa ndoa huzingatiwa pia, pamoja na mila za jamii yao, lakini havitangulii. Haki hiyo hukoma mtalaka anapofunga ndoa nyingine, na hali za wahusika zikibadilika, mahakama inaweza kuombwa kuirekebisha amri yake.

Kwa ndoa ya Kiislamu, matunzo ya mke baada ya talaka kwa kawaida huishia eda, yaani kipindi cha kungoja baada ya talaka, inapokwisha. Ni kosa kubwa, na nimelisikia mara nyingi mno, kuutumia ukomo huo dhidi ya watoto, kwa maana eda haina uhusiano wowote na wajibu wa baba kwao. Kitoka nyumba, yaani zawadi ambayo mume humpa mke anayemwacha, nacho hakipaswi kuhesabiwa kuwa malipo ya sehemu ya mke katika mali waliyochuma pamoja.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa nao huambiwa kwamba hawana pa kwenda. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakitambulika kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana, na hata dhana hiyo ya ndoa ikipingwa na kushindwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto wake.

Mwisho, si lazima kusubiri talaka itolewe. Mke aliyetelekezwa, au ambaye mumewe amekataa kumhudumia, anaweza kuomba matunzo ndoa ingali hai, na mahakama inaweza kuamuru yalipwe wakati shauri la talaka likiendelea. Anayeomba afike na kumbukumbu za kodi ya nyumba, ada za shule na matibabu, pamoja na chochote kinachoonyesha kipato cha mwenzake, kwa sababu hakimu hupanga kiasi kwa kutegemea yale yaliyothibitishwa mbele yake.