Pango nafuu jijini Tanga: piga hesabu yote, kisha shika mkataba

Malalamiko ya wapangaji yanayofika katika dawati letu la msaada wa kisheria jijini Tanga yameongezeka, na mengi yana chanzo kimoja: fedha zilikabidhiwa kabla ya mkataba kuandikwa.

Unafuu wa chumba haupimwi kwa kodi ya mwezi peke yake. Chumba cha shilingi 80,000, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita na dalali akidai ya mwezi mmoja, kinahitaji shilingi 560,000 kabla mpangaji hajatandika hata mkeka. Anayehama Chumbageni kwenda Pongwe kufuata kodi ndogo ajumlishe pia nauli ya kila siku, na aulize mapema kama mita ya LUKU ni yake au ya kuchangia.

Jambo hili tumelieleza mara nyingi na tunalazimika kulirudia: hakuna sheria inayomkataza mwenye nyumba kutaka kodi ya miezi sita. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano ya pande mbili. Anayekuja kutuomba tuagize kodi ishushwe hatuna la kumpa. Mwenye masharti yaliyoandikwa, huyo tunaweza kumsaidia.

Mkataba wa mdomo wa muda usiozidi mwaka mmoja unatambuliwa na Sheria ya Ardhi, lakini kuuthibitisha ni kazi ngumu. Ulioandikwa hulipiwa ushuru wa stempu, yaani tozo ya serikali kwenye nyaraka, wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Kwa chumba tulichokitaja, ukiwa mkataba wa mwaka, ni shilingi 9,600. Usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu yake. Kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani kodi ya serikali inayokatwa kwenye malipo ya pango, ni suala jingine: inahusu mapato ya mwenye nyumba, na inapokatwa hukatwa ndani ya pango, haiongezwi juu yake.

Mgogoro ukitokea, huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 husuluhisha tu na halitoi uamuzi. Usuluhishi ukishindikana, baraza huthibitisha hivyo kwa maandishi, ndipo shauri hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo. Aende na mkataba pamoja na stakabadhi za kila malipo, ikiwemo ya dalali.