Akupancha ya umeme baada ya kiharusi: kidole kinachoruka bado hakijapona

Mkono uliopooza ukichomwa sindano mbili za akupancha, moja kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine karibu na kiwiko, kisha zikaunganishwa na kimashine cha umeme, vidole huanza kuruka kwa mdundo. Ndugu walio kando ya kitanda hushangilia kwamba mkono umerudi. Furaha yao naielewa, lakini huwaambia papo hapo: huo ni umeme. Neva na misuli ya mkono ni mizima, kilichoumia ni ubongo unaoiamrisha. Zima mashine, mwombe mgonjwa afungue kiganja mwenyewe, ndipo utajua amefikia wapi.

Kiharusi ninachokizungumzia ni kile cha donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Sindano haizibui mshipa. Dawa ya kuyeyusha donge huwa na nafasi ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kulivuta donge kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, huwezekana hadi saa 24 kwa baadhi ya wagonjwa. Saa hizo ni za hospitali peke yake. Akupancha, hata ile inayoitwa ya mapema, husubiri hali ya mgonjwa itulie.

Wazo lenyewe la kupitisha umeme kwenye sindano lina msingi. Mtafiti Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba umeme wa hezi 2 (mapigo mawili kwa sekunde) na ule wa hezi 100 huamsha kemikali tofauti za kutuliza maumivu mwilini. Kwa panya waliozibwa mishipa ya ubongo, tafiti kadhaa zimeona sehemu iliyokufa ikipungua. Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, kuhusu akupancha kwa jumla katika kiharusi kichanga, yaani cha siku za mwanzo, yalikusanya majaribio 33 yenye watu 3,946. Nafuu ilionekana pale waliochomwa walipolinganishwa na wasiochomwa, lakini majaribio yaliyolinganisha akupancha na sindano za bandia, za kuigiza tu, yalikuwa machache, na humo nafuu haikujitokeza. Mimi nayapa uzito haya ya mwisho, kwa sababu mgonjwa anayehudumiwa zaidi hutiwa moyo, na moyo huo nao huingia kwenye vipimo.

Basi akupancha ya umeme naitumia kama nyongeza, hasa kwa bega linalouma kiasi cha kumzuia mtu kufanya mazoezi. Umeme ukiwa umewashwa, namwambia mgonjwa ajitahidi kunyoosha vidole kila unapopiga, ili juhudi yake na mwendo viende pamoja.

Tahadhari ninayoisisitiza ni ya ngozi iliyokufa ganzi. Mgonjwa hawezi kusema "inauma", kwa hiyo napandisha umeme taratibu, jicho likiwa kwenye msuli, na kuacha pale unapotikisika kidogo tu. Mwenye betri ya moyo simwekei umeme kabisa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda namjadili kwanza na daktari wake.

Ukimpeleka mgonjwa wako, muulize mtaalamu siku hiyo atafanya mazoezi ya kushika, kuketi na kusimama kwa dakika ngapi. Sindano zikimchosha hadi mazoezi yakaachwa, ziahirishwe sindano.